Fisi wa Ukoo wa Buluu

Sikilizeni yaliyompata Fisi mwaka ule mvua ilipogoma kabisa. Dimbwi moja tu lilibaki na maji, nalo lililindwa na Bi Palahala, swala mweusi mwenye pembe zilizopinda kama majambia. Alikuwa na watoto watatu wachanga, hivyo Fisi hakuruhusiwa hata kupita karibu.

Siku moja Fisi alikuwa akitafuta mifupa ukingoni mwa mto mkavu, akachimbua pembe mbili za kale. Zilikuwa za palahala wa buluu, ndugu zake Bi Palahala waliotoweka zamani. Akazifunga kichwani kwa kamba, akajipaka majivu mwili mzima, akaenda.

"Hodi! Mimi ni Mjomba Buluu!"

Bi Palahala akabubujikwa na machozi. "Shikamoo, Mjomba! Tulidhani mmekwisha wote!"

"Marahaba, mpwa wangu. Wenzangu wamekwisha. Mimi nilichelewa."

"Mbona mgongo umeinama hivyo?"

"Huzuni."

"Na meno hayo makali?"

"Huzuni pia."

Fisi akanywa maji mpaka tumbo likalia. Kisha akasema, "Sasa niletee watoto niwabariki. Mmoja mmoja. Kule kichakani."

Sungura, aliyekuwa akinywa pembeni, akainua masikio. "Mjomba, kula kwanza." Akamwekea fungu la nyasi kavu.

Fisi akatafuna huku akilengwa na machozi. "Tamu sana," akasema, akapaliwa.

"Bado salamu ya ukoo," Sungura akaendelea. "Palahala waliopotezana hupiga magoti wakagonganisha pembe. Bila hiyo, baraka haishiki."

"Kweli kabisa!" Bi Palahala akasema, tayari yuko magotini kwa furaha.

"Polepole, mpwa wangu, mimi mzee..."

Kwaa! Pembe za Fisi zikaruka, naye akatumbukia dimbwini. Alipoibuka, majivu yalikuwa yameoshwa na madoa yake yote yako wazi.

Bi Palahala akawarudisha watoto nyuma yake. "Wewe Fisi! Ulitaka kunilia wanangu?"

"Basi niwe mjomba wa kambo!" Fisi akalia.

Alijibiwa kwa pembe za makalioni, akafukuzwa mpaka ng'ambo ya mbuga, na wiki nzima hakuweza kuketi. Bi Palahala aliziokota zile pembe kuukuu, akazifukia kwa heshima, kwani hizo zilikuwa za ndugu kweli.

Njia ya mwongo ni fupi.