Karibu Isiyofikika

Kuuliza si ujinga. Methali hii ni nyepesi kuikariri darasani, lakini ni nzito kuibeba barabarani. Asiyejua akiuliza huona haya kwa dakika moja. Asiyejua akajifanya anajua huweza kuipoteza siku nzima. Nandin, msichana kutoka Mongolia aliyekuwa akisoma katika mji wa Lampang, kaskazini mwa Thailand, alijifunza hayo kwa miguu yake mwenyewe na, lililomuuma zaidi, kwa miguu ya baba yake.

Mama yake alikuwa amefariki ghafla huko nyumbani, na Nandin hakuwahi maziko. Kwa hiyo baba yake, Mzee Damdin, mfugaji wa farasi mwenye goti bovu, alifunga safari ili siku ya arobaini na tisa iwakute pamoja, kwa kuwa kwao hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kumsindikiza marehemu kwa dua. Marehemu alizaliwa mwaka wa ng'ombe, kwa hesabu ya miaka iliyopewa majina ya wanyama, na Lampang kuna hekalu kongwe ambalo waliozaliwa mwaka huo hulihesabu kuwa lao. Walikuwa na siku hiyo moja tu. Jioni Damdin alipaswa kupanda treni aanze safari ya kurudi.

"Asubuhi nitakutembeza mjini, kisha twende hekaluni," Nandin alisema. "Na leo hakuna ramani ya simu, Baba. Nimeiacha bwenini makusudi. Ulimi ninao."

Alikuwa na miezi mitatu tu ya kujifunza lugha ya wenyeji. Lakini juma lililotangulia mwalimu alimsifu mbele ya darasa, na kichwa kikamvimba kama andazi kwenye mafuta.

Walivuka daraja jeupe, wakaingia kwenye duka la mabakuli yaliyochorwa jogoo. Damdin hakujua hata neno moja, ila kuuliza hakukumshinda. Alimgusa muuzaji bega, akaonyesha jogoo kwenye bakuli, akainua nyusi, kisha akawika. Muuzaji naye akawika. Duka zima likaangua kicheko. Nandin alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba, wanakucheka!"

"Mimi nami si nacheka? Ubaya uko wapi?"

Walipotoka, Nandin alimwendea mama mmoja aliyekuwa akimenya embe, akamuuliza habari za hekalu. Mama yule akatupa mkono upande wa kusini. "Klai," alisema.

Uso wa Nandin ulichanua. Klai, kama alivyofundishwa, ni karibu. "Ni hapo tu, Baba. Twende kwa miguu."

Walitembea nusu saa, wakatembea saa nzima. Maduka yakawa machache, jua likawa kali kama pasi ya mkaa. Nandin alimuuliza kinyozi aliyekuwa mlangoni mwa kibanda chake. Kinyozi akamtazama mzee anayechechemea, akashangaa. "Klai! Klai sana!"

"Anasema ni karibu sana," Nandin akatafsiri.

"Mbona ametushangaa?"

"Labda kwa sababu tumekaribia na hatujaona."

Wakaendelea. Muuza kuku wa kuchoma aliposikia wanakokwenda kwa miguu, aliacha kupepea moto akacheka hadi machozi. Naye akasema klai. Nandin alichanganyikiwa. Kila aliyemuuliza alimwambia ni karibu, na kila walipokwenda hapakuwa na hekalu wala dalili yake. Je, walikuwa wakiwadhihaki? Au kulikuwa na mahekalu mawili? Alihisi kama mtu anayepanda ngazi inayozidi kuongezwa vidato.

"Mwanangu," Damdin alisema akifuta jasho, "rudi kamuulize yule wa kuku. Mwambie hujaelewa, akuonyeshe kwa mikono."

"Sijaelewa? Baba, nimeelewa! Nikirudi ataniona mbumbumbu."

"Akikuona hivyo, utapungukiwa nini?"

Nandin alisonga mbele. Walipita karakana, wakapita mashamba. Kisha goti la Damdin likakataa. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, midomo imemkauka, uso umepauka kama majivu. "Nenda peke yako," alisema polepole. "Mwombee mama yako. Mimi nitakusubiri hapa."

Maneno hayo yalimchoma Nandin kuliko jua. Alisimama katikati ya njia asijue arudi au asonge, na asijue amkasirikie nani.

Hapo ndipo lilipotokea gari la farasi. Mwendeshaji wake alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia pana, Phikun kwa jina, aliyekuwa akirejea kwake kupumzika. Farasi alikuwa akichechemea. Damdin alipoona vile alisahau goti lake. Alijikokota hadi kwa mnyama, akamwangalia Phikun, akaonyesha kwato na kuinua nyusi: niruhusu? Phikun akatikisa kichwa kukubali. Mzee akainua mguu wa farasi, akachokonoa kwa kisu, na kijiwe kikadondoka.

"Haa! Daktari huyu mmemtoa wapi?" Phikun alimkabidhi Damdin chupa ya maji. "Kunywa, kaka, usije ukanifia hapa nikaambiwa nimekugonga."

Damdin alikunywa, akaunganisha viganja, akachora hekalu hewani, kisha akatembeza vidole viwili na kuinua nyusi.

"Klai," Phikun alisema.

"Ndiyo, ni karibu," Nandin akadakia kwa lugha ya wenyeji.

Phikun aligeuka. "Nani kakwambia karibu? Kwa goti hilo mtafika kesho, msomi!"

Nandin alihisi masikio yakiwaka. Jibu la kujitetea lilimjia mdomoni, likiwa limepangika vizuri. Akamtazama baba yake, akalimeza.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "sijaelewa. Sijaelewa tangu asubuhi. Naomba unifundishe."

Phikun hakumcheka. "Maneno ni mawili, mwanangu, yanatofautiana kwa sauti tu. Ukiliporomosha, klai, kama kitu kilichokudondokea mguuni, hiyo ni karibu. Ukilinyoosha, klai, kama barabara hii, hiyo ni mbali. Kutoka mjini mpaka hekaluni ni kilomita kumi na nane. Kwa nini hukumuuliza mtu tena?"

"Niliona haya."

"Haya zako zimemtembeza mgonjwa."

Kisha akasimama katikati ya barabara na kulisimamisha gari dogo la jirani yake lililosheheni mananasi. "Wewe! Wapeleke wageni hawa hekaluni, uwasubiri, uwarudishe stesheni kabla ya treni. Na usiwape nanasi bovu!"

Walifika jua likiwa bado juu. Nandin alimshika baba yake mkono, wakapanda ngazi ndefu za hekalu, mguu mmoja baada ya mwingine. Walipiga magoti mbele ya mnara wa dhahabu, wakawasha ubani, wakamwombea marehemu. Nandin alilia kilio alichokibana kwa siku arobaini na tisa, na Damdin akamwacha alie mpaka atosheke.

Baadaye walimpita mzee aliyeketi mlangoni, wakaingia katika kijumba chenye giza. Mwanga ulipenya tundu dogo la mlangoni, na juu ya kitambaa cheupe ukaonekana mnara ule ule wa nje, umesimama kichwa chini.

"Nani ameupindua?" Damdin alinong'ona.

Nandin alifungua mdomo kumjibu kana kwamba anajua, akaufunga.

"Sijui, Baba. Ngoja nimuulize yule mzee wa mlangoni."

Akamwendea, akamuuliza, hakuelewa, akamuuliza tena, bado hakuelewa, akamuuliza mara ya tatu kwa mikono, mpaka yule mzee naye akaanza kucheka. Nandin akacheka naye, wala hakuona haya, kwa maana sasa alijua kwamba kweli kuuliza si ujinga.