Kuku Mwekundu wa Mama Naelijwa

Kuku wa mtoaji halali ugenini. Mmeyasikia maneno hayo leo makaburini, mkatazamana, kisha mkaja kuuliza kuku ameingiaje msibani. Methali hii ilianza hivi, na atakayebisha akawaulize kuku wenyewe.

Huko juu Upareni, enzi ambazo kengele ya kanisa ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo, aliishi mama mmoja aliyeitwa Naelijwa. Cheo hakuwa nacho. Kwaya hakuimba, maana sauti yake ilikuwa kama mlango uliokosa mafuta. Kazi yake ilikuwa nyumba yake, watoto wake sita, na sala. Alisali akipepeta, alisali akichochea kuni, na wanawake walisema makande yake huiva upesi kwa kuwa maharage yaliona haya kubaki magumu mbele ya Zaburi. Moto wa jikoni kwake haukuzimika. Nusu ya kijiji ilikwenda pale asubuhi kuomba kaa la moto, na aliyekwenda kuomba kaa hakuondoka bila kikombe cha uji.

Siku hizo asiye na fedha alipeleka kanisani alichonacho: ndizi, mayai, miwa. Ibada ikiisha, vitu hivyo hunadiwa uani, na wa kuvinadi alikuwa mzee wa kanisa, Zefania.

Sasa Zefania alizaliwa anashuku. Akiona moshi kwenye nyumba ya mtu mapema mno, hujiuliza wanapika nini wasichotaka kionekane. Ukimsalimia kwa furaha, hupapasa mifuko yake.

Jumapili moja Mama Naelijwa alitoa kuku mtetea, mwekundu, aliyekatika kidole cha mguu wa kushoto. Akanadiwa, akanunuliwa. Wiki tatu baadaye Zefania akatia mkono kwenye kapu la sadaka, akatoa kuku mwekundu. Akamgeuza miguu juu. Kidole hakipo.

"Huyu namjua," akasema moyoni.

Hakumwambia mtu. Alimnadi, akaanza kuangalia. Kufikia mwisho wa vuli, kuku yule alikuwa ametolewa sadaka mara sita, amenunuliwa na watu sita, na kila mara amerudi kwa Mama Naelijwa. Alizoea hata reli ikigongwa hujilaza mwenyewe ubavu na kubana miguu ili afungwe. Wapo walioapa kwamba aliinamisha kichwa wakati wa Baba Yetu, ila hilo msilazimike kuliamini.

Zefania akawapeleleza wanunuzi. Mmoja, fundi Kiangi, akadai kuku alibebwa na mwewe. Mnunuzi mwingine, Mama Elifuraha, akakohoa, kisha akauliza habari za mvua. Zefania akapata jibu lake: wamechukuliwa kuku wao, na wanaona aibu kusema kwamba mwizi ni mama wa sala. Anamtolea Mungu Jumapili, anamnyang'anya Jumatatu!

Akatega mtego. Mara ya saba akamnunua kuku yeye mwenyewe, akamfunga chumbani kwake kwenye mguu wa kitanda. Kesho yake akaenda shamba. Aliporudi alikuta kamba tupu.

"Mama Niwaeli, kuku yuko wapi?" akamuuliza mkewe.

"Labda kamba imekatika," mkewe akajibu, akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Zefania akaiokota kamba, akaipitisha vidoleni. Haikukatika popote. Imefunguliwa. Na Jumapili ilipofika, kuku alikuwa kapuni, amebana miguu, anamtazama.

Wazee wa kanisa wakamwita Mama Naelijwa.

"Mama, kuku huyu hurudije kwako?" Zefania akauliza.

"Huletwa, mzee."

"Na nani?"

Mama Naelijwa akakunja pindo la kanga. "Wanaomleta waliniomba nisiwataje. Nikawaitikia."

"Hata aliyemtoa nyumbani kwangu?"

"Hasa huyo."

Basi! Kwa Zefania hilo lilikuwa ungamo. Mama Naelijwa akatengwa: asikaribie meza ya Bwana mpaka ataje au atubu. Miezi minne alikaa benchi la nyuma, wenzake wakienda mezani yeye ameinamisha kichwa, na hakukosa ibada hata moja. Zefania alimtazama akaona ujanja tu: mwizi gani huyu asiyekasirika?

Wiki moja kabla ya Pasaka, homa ikamchukua Mama Naelijwa. Na mjue, aliyekufa akiwa ametengwa alizikwa kimya. Reli haigongwi, kwaya haiimbi, mwinjilisti hasimami kaburini. Anafukiwa kama mtu asiyewahi kubatizwa.

Asubuhi ya mazishi mumewe, Mzee Kajiru, akamfuata Zefania mbele ya watu wote.

"Zefania, miaka thelathini na minane mke wangu amefagia kanisa lile. Mgongeeni reli."

"Pole sana, mzee wangu. Lakini taratibu ni taratibu. Alikataa kutaja."

Mama Elifuraha akainuka kwenye mkeka. "Basi najitaja mwenyewe. Nilimnunua nikamrudisha. Mwanangu alipougua surua, nani alikesha naye? Mkono wangu ungemchinjaje kuku wa mama huyu?"

"Na yule mwewe," akasema fundi Kiangi, "ni mimi." Watu wakacheka huku wanalia.

Wengine wakainuka, mmoja huku, mwingine kule, na kila mmoja alikuwa akidhani ni yeye peke yake, akaogopa kutengwa kwa kuirudisha sadaka. Zefania akawapitia kwa macho, uso umemkunjamana.

"Mmepanga," akasema. "Mmekaa mkapanga kumsafisha marehemu. Haya, na kwangu je? Nani aliingia kwangu?"

Mkewe akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Hakuna aliyeingia, Baba Niwaeli. Nilimtoa mimi."

"Wewe?"

"Nilipojifungua Niwaeli, wewe ulikuwa kwenye mkutano wa kanisa, wiki tatu. Nani alinikanda kwa maji moto? Nani alinifulia? Uliporudi ukanywa uji wa ulezi ukanisifu, ukasema mke wangu una mkono. Mkono ule ulikuwa wa Naelijwa."

"Miezi minne, mama! Mbona hukusema?"

"Nilikuogopa. Naye alijua kwamba nakuogopa, akakubali kukosa meza ya Bwana kuliko kunitaja." Akajifuta machozi, unga ukabaki shavuni. "Wa kutengwa ni mimi. Lakini kuku yule, Baba Niwaeli, hata ungemfunga kwa mnyororo angeondoka. Kuku wa mtoaji halali ugenini."

Zefania akatafuta wa kumshuku, akajikuta amebaki yeye mwenyewe. Akavua kofia, akapanda njia ya kanisani peke yake. Mara reli ikalia. Aliigonga mpaka nyundo ikachomoka mpini, na watu wa tambarare wakakimbilia stesheni na mizigo yao wakidhani treni imewahi.

Kaburini mwinjilisti akampa karatasi ya wasifu aisome. Zefania akaifungua: mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto sita. Akaikunja.

"Haya mnayajua," akasema. "Mimi niliyemwita mwizi nina neno moja la kusema juu ya maisha yake. Alichokitoa hakikukubali kukaa kwetu. Kilimtafuta yeye. Kuku wa mtoaji halali ugenini."