Maalim Silima na Ubao Wake

Mmemsikia mama yenu akisema, "Mwenye sikio mwimbie, mwenye jicho muoneshe," na sasa mnataka kujua nani aliyeanza? Haya, sogeeni, na wewe acha kuchomoa ukindu wa mkeka wangu. Methali hiyo ilizaliwa Ng'ambo, Unguja, katika chumba cha juu cha klabu ya taarabu, siku Maalim Silima alipochoka.

Maalim Silima alipiga fidla klabuni hapo tangu ujana wake. Vidole vilipoanza kukakamaa, wazee wa klabu wakampa vijana wawili awafundishe, Mize na Vuai. Sikukuu ilikuwa inakaribia. Wasipojua, fidla za klabu zingetiwa kabatini, na wimbo wa kufungulia onyesho, alioupokea kwa mwalimu wake, ungekwenda naye kaburini.

Akawafundisha kama alivyofundishwa yeye: anasimama mbele ya ubao, anawapa mgongo, anaandika namba za vidole kwa chaki. Mize akitazama ubao, fidla inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Vuai naye ananyoosha shingo huku na huku kama kuku anayetafuta upenyo. Maalim anafuta, anaandika tena, kubwa zaidi. Chaki ikakatika.

"Hii moja, hii tatu. Hata mbuzi wa jirani keshajua."

"Basi tumlete mbuzi," Vuai akanong'ona.

Mize akafumba macho. Hilo ndilo lililomuudhi Maalim kupita yote: mtu anaandikiwa, anafumba macho!

"Kesho nawaambia wazee watafute wengine."

Akajimiminia kahawa, akaketi dirishani kuwapa mgongo, akawa anauvumisha ule wimbo puani, polepole, kujiliwaza. Katikati akanyamaza, akapiga funda, akaendelea.

Alipomaliza, nyuma yake fidla ikaanza. Wimbo uleule, laini, haukukosea popote. Ila katikati ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea.

Maalim akageuka. Mize alikuwa bado kafumba macho.

"Mbona pale umenyamaza?"

"Si wewe ulinyamaza, Maalim?"

"Nilikuwa nakunywa kahawa."

"Mimi nilidhani ndivyo wimbo ulivyo."

"Na siku zote hizi ukakaa kimya?"

"Siku ya kwanza nilikuomba uniimbie. Ukaniambia nitazame ubao."

Maalim akashusha pumzi ndefu. "Na wewe, Vuai? Sema tu, leo ndiyo siku yake."

"Mimi nilitaka uondoke hapo ubaoni, Maalim, ukae hapa kando yangu, nivione vidole vyako."

Sikukuu ilipofika, onyesho likafunguliwa kwa fidla mbili. Wazee wakamuuliza Maalim amewafanya nini wale watoto.

"Ubao chukueni, mkawekee vikombe," akawajibu, kwa uchovu uleule. "Mwenye sikio mwimbie, mwenye jicho muoneshe."