Nyayo za Nonoka

Palikuwa na mwenye jengo mmoja katika mji mdogo wa Japani, Bwana Kuroiwa, tajiri asiyependa kusikia sauti yoyote ila yake. Alikwisha kataza kengele za upepo madirishani. Alikwisha kataza kukaanga samaki Jumapili. Alikataza hata kupiga chafya zaidi ya mara moja kwenye ngazi. Wapangaji wake waliinama, wakasema "Ndiyo, bwana," wakaenda kupigia chafya barabarani.

Siku moja akabandika amri mpya: "Nyayo za mtoto zisisikike katika jengo hili. Zikisikika, wazazi wahame."

Sasa, jengo zima lilikuwa na mtoto mmoja tu. Nonoka. Naye alikaa chumba kilicho juu kabisa ya kichwa cha Bwana Kuroiwa.

Nonoka alikuwa mtoto wa chekechea, na mama yake, Tamae, alikuwa mpishi wa chekechea hiyohiyo, ng'ambo ya barabara. Baba aliendesha lori la safari ndefu. Akirudi nyumbani hupokewa kama mgeni. Kwa hiyo vita vyote vya kila asubuhi vilikuwa vya Tamae peke yake. Mtoto atavaa viatu vya mvua juani. Atajaza mifukoni vile vidudu vya bustani vinavyojikunja kama shanga, na mama atavikuta kwenye mashine ya kufulia, vimeoga, vimetakata. Na hatoki nyumbani mpaka aage kila kidato cha ngazi. Vidato kumi na saba, jamani, na kila kimoja kina jina lake!

Tamae alipoisoma amri, alitandika mablanketi sakafu nzima. Akamvisha Nonoka soksi za sufu. Akamwambia, "Mwanangu, tembea kama paka." Nonoka akatembea kama paka kweli. Ila paka huyo alikuwa anafukuza panya.

Bwana Kuroiwa akapanda juu, akagonga mlango.

"Mama Nonoka! Mtoto wako anakimbia tangu alfajiri!"

"Hakimbii, bwana. Anawahi."

"Anawahi wapi?"

"Ningejua, ningemtangulia."

"Mfundishe kutembea!"

"Nilimfundisha mwenyewe, bwana. Na siku alipoweza nilimpigia makofi. Kosa langu ndilo hilo."

"Basi mketishe!"

"Nimemketisha. Anaketi kwa kishindo."

"Mimi nilipokuwa mdogo kama yeye, nilikuwa kimya kama jiwe!"

"Pole sana, bwana. Ndiyo maana leo maneno yanatoka yote kwa pamoja."

Bwana Kuroiwa akawa mwekundu kama plamu ya achari. "Jumamosi!" akafoka. "Wapangaji wote ukumbini! Nitaleta mashine ya kupimia kelele. Mtoto ataruka mbele ya watu. Taa nyekundu ikiwaka, Jumapili mnahama!"

Tamae akapiga hesabu. Chumba kingine cha kumudu kilikuwa mbali, safari ya treni mbili, na Nonoka kwenye treni mbili ni habari ya kutafutiwa polisi. Lakini alimjua mwanawe kuliko mtu yeyote duniani. Akainama.

"Nakubali, bwana. Ila mimi nisifungue mdomo. Umwambie wewe mwenyewe aruke, asije mtu akasema mama alimnong'oneza."

"Hilo tu?" Bwana Kuroiwa akacheka. "Hilo jepesi!"

Jumamosi ikafika. Asubuhi hiyo Nonoka aliruka kutoka mezani mara tatu kabla ya kumaliza supu. Tamae akafunga maboksi mawili ya vyombo, maana moyo wa mzazi hauna dhamana, akamshika mkono wakateremka.

Ukumbi ulijaa. Mashine iliwekwa katikati, kwenye sakafu ya mbao. Bwana Kuroiwa akakohoa kwa heshima zake zote.

"Nonoka, ruka."

Nonoka akamtazama. Akajificha nyuma ya sketi ya mama yake.

"Ruka, mtoto mzuri."

"Sitaki."

"Kila siku unaruka! Leo kwa nini hutaki?"

"Leo mimi ni konokono."

Watu wakainamisha vichwa. Bwana Kuroiwa akajifuta jasho. Akamwahidi peremende. Konokono hali peremende. Akampigia makofi. Konokono akaingia ndani ya nyumba yake, yaani akajifunika sweta kichwani.

"Basi acha kuwa konokono!" akasihi yule tajiri. "Kuwa chura!"

Jicho moja likachungulia kutoka kwenye sweta. "Chura anarukaje?"

"Hujui chura anavyoruka? Hivi!"

Bwana Kuroiwa, na suti yake, na tai yake, akachuchumaa. Akaruka. Pu! Mashine ikalia.

Nonoka akatoa kichwa chote. "Huyo chura mdogo. Chura mkubwa je?"

"Hivi!" PU! Taa ya darini ikayumba. Mzee wa chumba cha tano akapaliwa na chai.

"Na chura akiona nyoka?"

Hapo Bwana Kuroiwa akaruka mara nne mfululizo, akizunguka ukumbi mzima, mbao zinalia, mashine inapiga king'ora, taa nyekundu inawaka haizimi. Nonoka alikuwa amekaa kitako, mikono mapajani, kimya, anatazama kwa adabu.

Tajiri akasimama, anahema, jasho linamtiririka, lakini uso umejaa ushindi. Akanyoosha kidole kwenye ile taa.

"Mmeona wenyewe!" akapaza sauti. "Semeni sasa! Nani atavumilia kelele kama hizi?"

Tamae akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu.

"Kweli kabisa, bwana. Wangu ana miaka minne, atakua ataacha. Wewe una sabini na miwili. Sisi tukusubiri mpaka lini?"