Vumbi la Chumba cha Kati

"Bei ya paa iko chini ya makuti."

Maneno hayo alitupiwa kaka yetu Hatibu pale dukani. Alikuwa amenunua pikipiki kuukuu iliyopakwa rangi mpya, akajisifu wiki nzima kwamba kaipata kwa bei ya kutupa. Siku ya nane ikamzimikia njiani, akaisukuma kwa jasho hadi nyumbani, na wazee wa dukani wakampokea kwa methali hiyo. Tulicheka sana. Tukaenda kumsimulia bibi yetu, Bi Siwema, ambaye alikuwa mlangoni pa jiko akimenya muhogo, tukamwuliza maneno hayo yametoka wapi, maana pikipiki haina makuti.

Bibi hakucheka. Alimaliza muhogo alioushika, akautia majini, akafuta kisu kwa ncha ya kanga.

"Hatibu, mume wangu, kaa hapo. Na nyinyi kaeni. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa katika nyumba ya baba yangu, na ilianza hivi."

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, vyumba vitatu, imeezekwa makuti. Mwaka ule nilikuwa nimechumbiwa na babu yenu, na arusi ilitakiwa ifanyike kabla ya masika. Paa lilikuwa linavuja. Baba, Mzee Mbaruku, aliona haya wakwe waje wakae chini ya paa linaloonyesha mawingu. Akasimama uani, akahesabu safu za makuti kwa kidole, akapata hesabu yake. Kisha akamwita Mzee Semkiwa, mwezekaji wa kijiji, aje amthibitishie tu.

Mzee Semkiwa hakuhesabu kwa kidole. Aliegemeza ngazi, akapanda, akazamisha mkono ndani ya makuti mpaka kiwiko, akautoa akaunusa. Halafu akawa anagonga miti ya paa kwa mpini wa kisu, mmoja mmoja, huku katega sikio. Mti mzima hulia ko. Ulioliwa ndani hulia pu. Mimi nilikuwa chumba cha kati nafagia, nikasikia: ko, ko, pu. Pu. Pu.

Nilikuwa najua. Chumba kile nilikuwa nalala mimi. Kila asubuhi nilikuta juu ya mkeka wangu vumbi laini la njano, kama unga wa dengu, limedondoka kutoka kwenye mti mkubwa wa mgongo wa paa. Wadudu walikuwa wanaubungua kwa ndani. Miezi mingi nililifagia, nikalitupa jalalani, nikanyamaza. Nilijua baba akinunua miti, fedha ya arusi itapanda juu ya paa, na mimi nitaambiwa ningoje msimu mwingine wa kuuza machungwa. Nilikuwa nimeshangoja miwili. Wenzangu wote niliocheza nao walikuwa na watoto mgongoni.

Mzee Semkiwa akashuka, akaenda barazani kwa baba na majirani waliokuwa wanakunywa kahawa. Akataja makuti. Baba akaitikia kwa kichwa, sawa. Akataja mti mpya wa mgongo, na kombamoyo kumi na mbili, ile miti inayoteremka kutoka mgongoni hadi ukutani, na fito, na kamba, na watu wa kuibeba yote kutoka msituni. Bei ikawa mara tatu ya ile ya baba.

"Mzee Semkiwa," baba akasema, "nimekuita uniezekee nyumba. Sikukuita unijengee nyingine."

"Baba Siwema, makuti yanalala juu ya miti. Miti imekwisha."

"Imekwisha wapi, na nyumba si hii imesimama?"

Jirani mmoja akadakia, "Huyu ukimwagiza kofia, atakuuzia na kichwa!"

Baraza zima likacheka, na baba akapata nguvu. "Sema tu unataka kuila arusi ya mwanangu kabla ya waalikwa. Mwizi wa mchana kweupe!"

Mzee Semkiwa hakupandisha sauti. "Bei sikuitunga mimi, nimeikuta huko juu. Usiponiamini, muulize anayelala chumba cha kati kama haangukiwi na vumbi."

Baba akaniita. Nikatoka na ufagio wangu mkononi. "Abee, baba."

"Huko unakolala, kuna kitu kinaanguka?"

Vumbi lilikuwa bado liko kwenye njukuti za ule ufagio. Niliuficha nyuma ya kanga.

"Hakuna, baba."

"Hata vumbi?"

"Hata vumbi."

Mzee Semkiwa alinitazama vile alivyokuwa anaitazama ile miti. Halafu akachukua kisu chake, akaaga, akaondoka na vicheko vikimfuata mgongoni. Wiki ile ile watu wawili waliokuwa wamemwahidi kazi wakampa mtu mwingine.

Kazi yetu wakapewa binamu zangu. Siku ya pili, Shebe, yule mkubwa, alikaa juu ya mti wa mgongo kama mtu aliyepanda punda, anakata kamba za zamani na kutupa makuti chini. Mimi nilikuwa nawaletea maji. Nikamwona anasogea, anasogea, mpaka akafika palepale juu ya mkeka wangu. Mdomo ukanifunguka nimwambie ashuke. Neno halikutoka, maana lingetoka pamoja na lile la vumbi nililolikana barazani. Mti ukakatika kama muhogo mkavu, akaja nao chini.

Nyinyi mlimwona Babu Shebe akichechemea, mkaambiwa alianguka mnazi. Hakuanguka mnazi.

Alasiri ile ile mvua ikashuka, kabla ya siku zake. Nyumba ilikuwa wazi kama kinu. Godoro langu la sufi likarowa, na kanga za arusi zikachuja rangi sandukuni. Na katikati ya mvua hiyo wakabisha hodi wajumbe wawili wa kwa babu yenu, wamekuja kukubaliana siku. Sehemu yenye paa ilikuwa moja tu, banda la mbuzi. Ndimo walimopokewa. Mama aliwapa kahawa akiwa amejifunika uso kwa kanga. Wakanywa, wakatazama chumba kilichojaa maji, wakasema kwa adabu kwamba haraka hakuna.

Asubuhi baba akanipa kuku nimbebee, tukaenda kwa Mzee Semkiwa kuomba radhi. Tulimkuta anasokota kamba.

"Nimekuja," baba akasema.

"Nakuona."

"Mti wa mgongo ulikuwa mtupu. Ndani ni unga."

Mzee Semkiwa aliendelea kusokota. Halafu akanigeukia mimi, si baba. "Mwanangu, vumbi halikuanguka?"

Kuku alikuwa anapapatika mikononi mwangu. Nikasema, "Lilianguka."

"Mara ngapi?"

"Kila asubuhi."

"Ukalifanyaje?"

"Nililifagia. Nikalitupa jalalani."

Baba hakunipiga. Angenipiga ingekuwa nafuu. Alivua kofia yake, akaitazama ndani, kama mtu aliyepoteza kitu humo.

"Kuku rudini naye," Mzee Semkiwa akasema. "Kuku haungi mguu wa Shebe. Na lile neno, Baba Siwema, uliniita barazani mbele ya watu. Nenda kaliondoe palepale. Ukishaliondoa, nitakuja kutazama nyumba yako."

Baba hakungoja kesho. Aliwakusanya wale wale wa kahawa, akasimama, na mimi nikawa nyuma ya mlango nasikiliza.

"Mimi nilikaa uani nikahesabu makuti," alisema. "Mzee Semkiwa alipanda, akatia mkono. Bei ya paa iko chini ya makuti, na yeye ndiye aliyeiona. Hakuwa mwizi. Mjinga nilikuwa mimi."

Yule jirani wa kofia akauliza, "Lakini si tulimwuliza binti yako, akasema hakuna hata vumbi?"

Nikashika mlango. Nilisema moyoni, sasa atanitaja.

"Mtoto ataona nini?" baba akajibu. "Aliyepaswa kupanda ni mimi."

Wakacheka. Na mimi nikabaki nyuma ya mlango.

Tokea siku ile maneno yakashika njia. Mtu akinunua ng'ombe mgonjwa, anaambiwa usiwe kama Mbaruku, bei ya paa iko chini ya makuti. Baba aliyasikia dukani, aliyasikia shambani, aliyasikia hata msibani. Kila mara anatabasamu na kurekebisha kofia. Jina langu hakulitaja mpaka anazikwa. Arusi yangu ilingoja misimu miwili mingine, na miguu ya Shebe haikulingana tena.

Bibi akachukua muhogo mwingine, akaugeuzageuza bila kuumenya. Hakuna aliyecheka.

Hatibu alikuwa anachora mchangani kwa kidole. "Bibi," akasema polepole, "rafiki yangu alikuwa anaijua ile pikipiki. Nilimwuliza mbele ya muuzaji, akasema haina neno."

"Umeshamwuliza tena?"

"Ananikwepa."

"Muendee wewe," bibi akasema. "Anangoja mtu amwulize mara ya pili. Na siku mkisikia wanacheka tena pale dukani, msiwaache wamseme baba yangu peke yake. Waambieni kulikuwa na msichana mwenye ufagio, anaifagia bei hiyo kila asubuhi, na alipoulizwa akasema hakuna kitu." Akaanza kumenya. "Bei ya paa iko chini ya makuti."