Rimu za Bwana Shekulwavu

Mama Mbonea alikuwa akichambua mchele mumewe alipoingia akijisifu kwamba Bwana Shekulwavu, tajiri wa matairi, amewafungia rimu za spoti kwenye kigari chao. Rimu ziling'aa kama bibi harusi. Matairi yalikuwa vipara vilivyopakwa rangi ya viatu.

Mama Mbonea akaendesha taratibu hadi dukani kwa Shekulwavu.

"Nibadilishie matairi, kaka. Kwangu ni mlimani na mvua inakuja."

"Hayo mapya, mama! Naapa, yanapanda mlima wowote."

"Basi umenitoa wasiwasi. Karibuni kwangu chakula cha jioni, na familia yako."

"Watafurahi sana!"

"Wameshafurahi. Nimewapitia. Wifi, muage mumeo, tunapanda."

Kioo cha mlango wa nyuma wa kigari kikashuka. Mkewe na watoto wakampungia mkono.

Shekulwavu akarukia jeki. "Ngoja! Ndani yapo mapya zaidi!"

Jioni Mama Mbonea alipakua pilau, akahesabu vichwa. Hakuna aliyekosekana.