Nani Aachiwe Wodi ya Wazazi?

Sogeeni karibu. Mwenye kuketi aketi, mwenye kuegemea ukuta aegemee. Habari ninayoleta ni ya watu waliochoka, na si vibaya mkiisikiliza nanyi mmechoka.

Palikuwa na hospitali ya wilaya katika nyanda za juu, huko ambako mvua hunyesha miezi mingi kuliko inavyopumzika, na watu huishi kwa chai na migomba. Hospitali hiyo ilikuwa na wodi ya wazazi yenye vitanda ishirini na vinne. Wauguzi waliotakiwa ni kumi na wanne. Waliokuwepo ni sita. Kati ya hao sita, watatu ndio wenye kisa chetu.

Wa kwanza aliitwa Tulinagwe Mwasomola, mama wa miaka hamsini na miwili. Yeye alijaliwa kuiona kesho. Kitu kikikaribia kuisha, alijua kabla hakijaisha, na akishajua hakukupa raha mpaka kimepatikana.

Wa pili aliitwa Lwitiko Mwambete, mwanamume mrefu wa maneno machache. Yeye alijaliwa utulivu. Wenzake wakikimbia, yeye alitembea, na wakipiga kelele, yeye alishusha sauti mpaka wote wakanyamaza ili wamsikie.

Wa tatu aliitwa Mwanahawa Shekiondo, aliyetoka Tanga akapangiwa kazi kwenye baridi ile kabla hajawahi kumiliki sweta. Alikuwa na miezi minane kazini. Yeye alijaliwa jicho. Akishika karatasi alisoma kilichoandikwa, si kile alichotarajia kukikuta.

Wodi yao haikuwa na kiongozi, yule ambaye wenyewe humwita inchaji. Aliyekuwepo aliumia mgongo akaondoka, na kwa mwaka mzima matroni wa hospitali, Mama Gaudensia Komba, aliishikilia wodi hiyo pamoja na kazi zake nyingine. Naye alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Kabla ya kuondoka alitakiwa kuandika jina la mtu mmoja.

Sasa sikilizeni kilichotokea Alhamisi moja ya mwezi wa tatu.

Saa nne asubuhi, mchuma chai mmoja aitwaye Subilaga Mwalupindi alijifungua mtoto wake wa nne, wa kike. Alicheka, akauliza uzito, akaomba uji. Nusu saa baadaye uji ulikuwa haujaguswa na shuka chini yake ilikuwa nyekundu. Damu ilitoka kama maji ya bomba lililopasuka.

Waliokuwa zamu ni Lwitiko, Mwanahawa, na mhudumu wa wodi, Mama Enesi, mwenye miaka ishirini na mmoja ya kusukuma machela. Daktari alikuwa mmoja, na alikuwa chumba cha upasuaji amemfungua mtu tumbo.

Tulinagwe hakuwepo. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya mapumziko baada ya siku kumi na tisa. Alikuwa nyumbani, miguu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi, amesinzia kwenye kiti.

Lakini ukutani mwa wodi palikuwa na kisanduku chekundu, na kisanduku kile kilikuwa kazi yake. Ndani mlikuwa na kila kitu cha kumsaidia mama anayetokwa na damu, kuanzia dawa ya kukaza kizazi, sindano na dripu hadi glavu ndefu. Kila zamu ilipaswa kukifungua, kuhesabu na kutia sahihi. Watu walimchukia kwa sababu ya kisanduku hicho. Lwitiko mwenyewe aliwahi kumwambia, "Mama, tunakufa kwa kazi, na wewe bado unatuhesabisha sindano?"

"Hesabu, mwanangu," Tulinagwe alimjibu. "Siku utakayozihitaji hutapata nafasi ya kuhesabu."

Na si kisanduku tu. Siku zake za mapumziko alizimaliza kwenye kiwanda cha chai, kanisani na shule ya sekondari, akiomba watu wajitolee damu. Kwa hiyo asubuhi ile, maabara ambayo miaka yote ilikuwa na jokofu tupu ilikuwa na mifuko minne. Lakini tuseme yote. Muuguzi mmoja aliomba kuhamishwa kwa sababu yake. Alisema afadhali afie wodi ya wanaume kuliko kuishi kwa sahihi za Mama Tulinagwe. Walipokuwa saba wakabaki sita, na zamu za sita zikawa ndefu zaidi.

Sasa Lwitiko. Alipoiona ile shuka hakupaza sauti.

"Mwanahawa, kandamiza tumbo, usiache mpaka nikwambie. Mama Enesi, kimbia maabara ukalete damu ya Subilaga. Dripu ni mimi."

Alifungua kisanduku, akakuta kila kitu mahali pake, akaweka dripu mbili, akachoma sindano. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akasimama miguuni pa kitanda ameishika saa yake, akawa anataja dakika na kusema kinachofuata. Mtu aliyepita mlangoni angedhani ni mvivu anayewatazama wenzake wakifanya kazi. Alimpigia simu daktari. "Dakika kumi," daktari akajibu.

Hapo ndipo sauti ilipotoka chumba cha pili. "Nesi! Nesi jamani, mtoto anakuja!"

Mwanahawa aligeuza shingo kuutazama mlango.

"Usiondoke," Lwitiko alisema.

"Kaka Lwitiko, yuko peke yake."

"Yule ana nguvu ya kupiga kelele. Huyu hana."

Hakuondoka yeye, wala hakumruhusu Mwanahawa aondoke. Na ni kweli, mikono ile ingeachia tumbo dakika mbili tu, leo tungekuwa tunasimulia msiba. Lakini tuseme yote. Kule chumba cha pili mama aitwaye Atuganile alijifungua bila muuguzi. Mtoto alidakwa na mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye naye mshono wake ulikuwa mbichi. Mtoto alipona. Atuganile alichanika vibaya, akashonwa saa mbili baadaye. Lwitiko alipokwenda kumwomba radhi, mama yule aligeukia ukutani akasema, "Nilikuita mara ngapi?"

Sasa Mwanahawa. Mama Enesi alirudi anahema, na mfuko wa damu mkononi. Wakati huohuo daktari aliingia, kofia ya upasuaji ingali kichwani. Subilaga alikuwa ameshapauka midomo.

"Tundika," daktari alisema.

"Tundika, nakupokea tumbo," Lwitiko alisema, akashika nafasi yake.

Mwanahawa aliupokea mfuko, akasoma karatasi iliyobandikwa. Akasoma tena.

"Dokta, hii si yake."

"Sista, mgonjwa anakwenda! Tundika!"

"Si yake, Dokta."

Daktari alinyoosha mkono kuuchukua. Binti yule wa miezi minane kazini aliukumbatia mfuko kifuani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Soma kwa sauti," Lwitiko alisema, polepole.

"Subilaga Mwalugaja. Kundi B." Akaelekeza kidevu kitandani. "Huyu ni Subilaga Mwalupindi. Kundi O."

Subilaga Mwalugaja alikuwa kitanda cha tisa, amefanyiwa upasuaji jana yake, na damu aliyowekewa akiba haikutumika. Damu ile ingeingia kwa huyu, kusingekuwa na haja ya kumtafutia nyingine.

Mama Enesi alikimbia mara ya pili. Zilipita dakika tano. Katika dakika hizo macho ya Subilaga yaligeuka juu, na mapigo yake yakawa kama mtu anayegonga mlango huku ameshakata tamaa. Kisha mfuko wenye jina lake ukaja, ukasomwa kwa sauti na watu watatu, ukatundikwa. Saa sita na robo alifumbua macho. Aliuliza, "Mtoto amenyonya?"

Lwitiko alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mwanahawa alimiminiwa chai. Daktari hakusema pole wala samahani. Alimchotea sukari, akamkorogea, akaondoka.

Lakini tuseme yote. Mchana uleule Mwanahawa alifungua kitabu cha matukio akaandika kila kitu, na majina ya wote. Hakuficha la daktari, wala la Lwitiko aliyesema tundika, wala la Mama Enesi aliyepokea mfuko bila kuusoma. Wiki iliyofuata maabara ilianza kudai jina kamili na namba ya kitanda kabla ya kutoa mfuko wowote. Na Mama Enesi, aliyekimbia mara mbili kwa magoti yake mabovu, alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na mmoja. Tangu siku hiyo, Mwanahawa alipoingia chumba cha chai, mazungumzo yalikatika.

Matroni Komba aliwaita mmoja mmoja.

Tulinagwe alisema, "Matroni, ukiniuliza nataka nini, nitakwambia usingizi. Usinipe mimi." Akafika mlangoni, akageuka. "Ila ukimpa mwingine, mwambie kisanduku kisiachwe." Akasimama pale kitambo, kama anayengoja kuulizwa mara ya pili.

Lwitiko alisema waziwazi, "Naitaka kazi hiyo. Nimeshawaza zamu nitakavyozipanga. Najua yule mama wa chumba cha pili hatanisamehe. Lakini ingerudi Alhamisi ileile, ningeamua vilevile. Nadhani kiongozi ni mtu anayeweza kulala na uamuzi wake." Akasimama kuondoka. "Ingawa sijalala vizuri."

Mwanahawa alimwamkia, akaketi ukingoni mwa kiti. "Mimi sijui kuongoza, Matroni. Hata nikiomba glavu, sauti hainitoki."

"Siku ile ilikutoka."

"Siku ile niliogopa karatasi kuliko nilivyomwogopa Dokta." Kisha akauliza, "Niliandika vibaya, Matroni? Kumwandika Mama Enesi?"

Matroni aliinuka akamfungulia mlango. Mwenyewe alikuwa hajui.

Alikwenda hata kwa Subilaga, ambaye alikuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani, mtoto amefungwa mgongoni mwa dada yake. Akamuuliza, "Mama, nani alikuokoa?"

"Yule sista mdogo mwenye sweta ya njano," Subilaga alisema. "Ndiye niliyemwona akilia. Yule mrefu namkumbuka kidogo, alikuwa anasimama tu."

"Na Mama Tulinagwe?"

"Simjui. Ni nani huyo?"

Basi, ndugu zangu, mmewaona wote watatu. Mmoja aliokoa maisha akiwa hayupo, na wenzake walichoka kwa sababu yake. Mwingine alichagua wa kumwacha, na aliyeachwa bado anakumbuka. Wa tatu alikataa amri ya wakubwa, na kalamu yake ikamwangukia mnyonge. Mmoja wao angekosekana, Subilaga angezikwa Ijumaa.

Fomu iko mezani kwa Matroni Komba. Nafasi ya jina ni moja, na wilayani wanaitaka kabla ya adhuhuri. Miguu yake imevimba. Nje ya dirisha zamu zinabadilishana, wanaotoka hawana nguvu ya kuagana, na wanaoingia hawajui bado watapewa nani wa kuwaongoza. Kwa mujibu wa sheria anaweza kuacha wazi, wodi ikae mwaka mwingine bila mwenyewe, lakini yeye ndiye aliyeuona mwaka uliopita.

Mimi nimesimulia mpaka nilipofika. Je, wewe uliyesikiliza, ungekuwa umeketi kwenye kiti chake leo, ungemwachia nani wodi ile? Na hao wawili waliobaki, ungewatazama usoni ukawaambia nini?